Dhana potofu kuhusu matatizo ya Windows na mtandao wa ofisi

Mtumishi akimwita mtu wa kompyuta na kumwambia kuwa mtandao umekata, huenda ana maana kwamba tovuti moja haifunguki, au printa haitoi karatasi, au folda ya pamoja imetoweka, au saa ya kompyuta yake imerudi nyuma miaka kadhaa bila yeye kujua. Kila moja kati ya hizo ina chanzo chake, lakini dawa zinazotumika katika ofisi nyingi ni zile zile: kuzima rauta, kuzima fayawoli, kuweka 8.8.8.8 (seva ya Google ya DNS, huduma inayogeuza majina ya mtandaoni kuwa anwani), na zote zikishindikana, kupiga Windows upya, yaani kuisimika tena. Dawa hizi zimedumu kwa sababu mara nyingine dalili huondoka kweli, chanzo kikabaki palepale, na dhana isiyo sahihi ikapata shahidi mpya.

Dhana: "Huwa ninazima kompyuta kila jioni, kwa hiyo kila asubuhi inaanza upya."

Ilikuwa kweli zamani. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi huja na kipengele kiitwacho Fast Startup kikiwa kimeshawashwa. Mtumiaji akibonyeza Shut down, Windows hufunga programu zake na kumtoa kwenye akaunti, lakini kiini cha mfumo pamoja na draiva zake (programu zinazoendesha vifaa) huhifadhiwa kama vilivyo kwenye faili la hiberfil.sys, na asubuhi husomwa kutoka humo ili mashine iwake haraka. Anayebonyeza Restart ndiye anayeanza na kiini kipya. Nimewahi kusimama nyuma ya mhasibu aliyeapa kwamba huizima mashine yake kila siku kabla ya kwenda nyumbani. Tulipofungua Task Manager, sehemu ya Performance, mstari wa Up time ulisoma siku 23. Alikuwa msema kweli, na mashine nayo ilikuwa ikisema kweli. Draiva ya printa iliyokwama wiki tatu nyuma ilikuwa ikirudishwa kila asubuhi ikiwa imekwama vilevile. Asiyetaka kuzima kipengele hicho moja kwa moja anaweza kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kubonyeza Shut down, na mashine itazimika kikamilifu.

Dhana: "Anwani ikianza na 169.254, kadi ya mtandao imekufa."

Windows hujipa yenyewe anwani ya namna hiyo pale inapoomba anwani kwa seva ya DHCP, yaani mgawaji wa anwani za mtandao, na kukosa jibu. Safu hiyo imetengwa duniani kote kwa kazi hiyo hasa, na anayeiona ameshapewa taarifa mbili za maana: kadi iko hai, na kebo ina mawasiliano na kifaa fulani upande wa pili. Kebo ingekuwa imechomoka, Windows ingeandika hivyo waziwazi, ingawa kebo iliyobanwa vibaya kichwani inaweza kuwasha taa ya swichi na bado ikapoteza data njiani. Swali la kuuliza, basi, ni kwa nini mgawaji wa anwani hakujibu.

Katika ofisi moja niliyoihudumia, kila Jumatatu baada ya semina, kompyuta tatu au nne zilikuwa zikiamka na 169.254, na fundi aliyenitangulia alikuwa ameshapiga Windows upya katika mbili kati ya hizo. Seva ya DHCP ilikuwa imepangiwa kugawa kuanzia namba 50 hadi 200, yaani anwani 151 tu, na muda wa kila anwani ulikuwa siku 8, ambao ndio Windows Server huuweka usipobadilishwa. Washiriki wa semina waliunganisha simu zao siku ya Ijumaa wakaenda zao, lakini kwenye daftari la seva anwani hizo zilibaki mikononi mwao hadi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Walioumia ni watumishi waliotoka likizo au safarini, ambao muda wa anwani zao ulikuwa umekwisha, na waliporudi hawakukuta nafasi. Kupiga Windows upya kulichukua siku nzima, ndani ya siku hiyo anwani kadhaa zikaachiwa, na ndiyo maana dawa ilionekana kufaa. Tuliwatengea wageni mtandao wao wenye muda wa saa 4, na Jumatatu zikawa za kawaida.

Ugonjwa wa pili hujificha zaidi, kwa kuwa kompyuta hupata anwani, ila si ya ofisi ile. Mtu ameleta rauta ya nyumbani ili apate Wi-Fi chumbani kwake, akachomeka kebo ya ukutani kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la kuingizia mtandao wa nje), na ofisi sasa ina wagawaji wawili. Kila kompyuta hupokea kutoka kwa aliyewahi kujibu. Amri ya ipconfig /all ina mstari wa DHCP Server ambao watu huupita bila kuusoma. Ukisoma 192.168.0.1 katika ofisi ambayo anwani zake zote huanza na 10, ichukue anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya kifaa hicho kwa amri ya arp -a, kisha uitafute kwenye swichi hadi ulijue tundu lake. Wapo wanaoamini kuwa kuidhinisha seva ya DHCP ndani ya Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti na kompyuta za ofisi) kunazuia jambo hili, lakini idhini hiyo hufuatwa na seva za Windows peke yake. Rauta ya dukani haijawahi kusikia habari zake. Kinga iko kwenye swichi, katika kipengele cha DHCP snooping, kinachozuia majibu ya wagawaji wasioruhusiwa, kwa swichi zilizo nacho.

Dhana: "Weka DNS ya 8.8.8.8, mambo yote yatakaa sawa."

Nyumbani, ushauri huu hauna ubaya mkubwa. Kwenye kompyuta iliyoungwa kwenye domeni ya Active Directory, yaani kundi la kompyuta zinazosimamiwa pamoja, ni chanzo cha maradhi mengi kuliko ninavyoweza kuyahesabu, na ndio ambao ningependa kuona ukiachwa kabla ya mingine yote.

Kompyuta ya domeni haiikariri anwani ya seva inayoithibitisha. Huuliza DNS: katika domeni hii, ni seva zipi zinazotoa huduma hiyo? Swali huulizwa kwa jina lenye umbo la _ldap._tcp.dc._msdcs likifuatiwa na jina la domeni, na jibu lake limo ndani ya DNS ya ofisi. Seva ya Google haiwezi kujua kuna seva gani kwenye chumba chenu cha pembeni, kwa hiyo hujibu, kwa haki kabisa, kuwa jina hilo halipo.

Kinachofanya kosa hili lisionekane ni kwamba Windows hukumbuka watumiaji wa mwisho walioingia kwenye mashine, 10 ikiwa hakuna aliyebadilisha, na huwaruhusu kuingia hata seva isipopatikana. Mtumishi huingia, intaneti inafunguka, kila mtu anaridhika. Baada ya hapo malalamiko huja moja moja, yakiwa hayafanani: kuingia kunachukua dakika nyingi, hifadhi ya pamoja haionekani, printa mpya imewafikia wenzake ila yeye hapana, na nywila aliyoibadilisha jana inakataliwa huku ya zamani ikikubaliwa. Kila lalamiko hutibiwa peke yake na hakuna anayerudi kutazama DNS, kwa sababu "intaneti si inafanya kazi?"

Hatari zaidi ni kuweka seva ya domeni nafasi ya kwanza na 8.8.8.8 nafasi ya pili, eti kama akiba. Windows hugeukia ya pili pale ya kwanza inapochelewa kujibu, na kuchelewa kwa sekunde moja hivi kunatosha. Seva ya ofisi ikizidiwa kidogo asubuhi, kompyuta huhamia kwa Google, huambiwa kuwa domeni yake haipo, na jibu hilo hulichukua kuwa jibu kamili. Haliipeleki tena kuuliza kwingine. Hapo ndipo linapotokea lile tatizo la "leo ipo, kesho haipo" ambalo halijirudii mbele ya fundi. Utaratibu sahihi ni kompyuta zote za domeni zielekezwe kwa seva za DNS za domeni peke yake, na seva hizo ndizo zipewe 8.8.8.8 au DNS ya mtoa huduma kama mahali pa kupeleka maswali ya nje. Amri ya nltest /dsgetdc: ikifuatiwa na jina la domeni itakuambia papo hapo kama mashine inaiona seva yake.

Hitilafu ya saa nayo husingiziwa mtandao. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikiisha nguvu, umeme ukikatika usiku kompyuta huamka na tarehe ya miaka iliyopita. Vivinjari hukataa vyeti vya tovuti kwa kuwa kwa tarehe hiyo vyeti bado havijaanza kutumika, na Kerberos, ambayo domeni huitumia kuthibitisha watu, haivumilii tofauti inayozidi dakika 5 isipokuwa imebadilishwa. Nimeona watu wakibadilisha kebo na rauta wakati tarehe ya mwaka 2015 imekaa kwenye kona ya chini ya skrini.

Dhana: "Ping haijibu, basi mashine imezimwa."

Fayawoli ya Windows huweza kuikataa ping huku huduma nyingine zote zikiendelea. Swali lenye faida ni kama tundu (port) la huduma unayoitaka liko wazi: katika PowerShell, dirisha la amri la Windows, amri ya Test-NetConnection yenye namba 445 hupima folda za pamoja, na yenye 3389 hupima Remote Desktop, huduma ya kuiendesha kompyuta kwa mbali.

Kwa hiyo wengi huamua kuzima fayawoli "ili tuone kama ndiyo yenyewe", kisha husahau kuiwasha. Wengine huisimamisha huduma yake kabisa, jambo ambalo Microsoft haiungi mkono na ambalo huweza kuharibu hata menyu ya Start. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba Windows imeuhesabu mtandao wa ofisi kuwa wa umma, na sheria za mtandao wa umma ni kali zaidi. Kwenye domeni hilo hutokea pale kompyuta iliposhindwa kuiona seva yake wakati wa kuwaka, na hapo tumerudi kwenye DNS.

Dhana: "Masasisho ndiyo yanayoharibu kompyuta; yazime."

Hapa ukweli umechanganyika. Masasisho ya Septemba 2021 yalibana mawasiliano kati ya kompyuta na seva ya printa, na ofisi nyingi zinazochangia printa moja zikakutana na kosa 0x0000011b. Walioyaondoa masasisho hayo walichapisha siku hiyo, lakini walibaki na tundu la usalama lililokuwa linazibwa; kusasisha pande zote mbili, au kuisimika printa kwa anwani yake ya IP bila kupitia kompyuta ya jirani, kungewatosha. Upande wa pili wa mizani kuna WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fidia: kiraka kilitolewa tarehe 14 Machi 2017, na shambulio likaja tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, likazikuta mashine ambazo hazikukipokea. Na skrini za buluu za tarehe 19 Julai 2024, zilizogusa kompyuta zipatazo milioni 8.5, zilitokana na faili bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike. Masasisho ya Windows hayakuhusika.

Kuhusu alama nyekundu katika Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ni fupi: kila kompyuta nzima inazo. Tukio namba 10016 la DistributedCOM, kwa mfano, Microsoft yenyewe imesema linaweza kupuuzwa. Matapeli wa simu wanaojifanya mafundi wa Microsoft humfungulisha mtu ukurasa huo kwa sababu wanajua atazikuta.

Dhana: "Kunakili diski moja kwenye mashine zote hakuna madhara, hadithi ya SID ni uzushi."

Hii nimeifundisha mimi mwenyewe, na sasa naifuta. Kila Windows inaposimikwa hupata namba ya utambulisho iitwayo SID, na kwa miaka mingi wasimamizi waliogopa kuwa mashine mbili zenye namba moja zingegombana. Mwaka 2009 Mark Russinovich wa Microsoft, aliyeshiriki kutengeneza programu ya NewSID ya kubadilisha namba hiyo, aliandika kuwa hakuona tatizo lolote linalotokana na kufanana huko, na programu hiyo ikastaafishwa. Wengi tulichukua hilo kama ruhusa ya kunakili diski moja kwenye maabara nzima ya mashine thelathini, ingawa Microsoft haikuacha kusisitiza kuwa njia pekee inayoiunga mkono ni kutumia kwanza Sysprep, zana yake ya kuondoa utambulisho wa mashine kabla ya kunakili.

Masasisho yaliyotolewa kuanzia mwishoni mwa Agosti 2025 kwa Windows 11 toleo la 24H2 na 25H2, pamoja na Windows Server 2025, yameanza kuikagua namba hiyo wakati wa uthibitishaji. Mashine zenye SID moja sasa hukataana: folda ya pamoja inaomba nywila tena na tena ijapokuwa ni sahihi, na Remote Desktop haiunganishi. Ukiyaona hayo katika ofisi iliyonakiliwa kwa diski moja, endesha PsGetSid ya Sysinternals kwenye mashine mbili na ulinganishe namba. Zikifanana, mashine hizo zitajengwa tena kutoka kwenye nakala iliyopitishwa Sysprep, na hapo, kwa mara moja, fundi aliyesema tupige Windows upya atakuwa amesema kweli.