Kamera juu ya meza ya kasino: picha lazima ionyeshe nini

Anayefunga kamera za kasino kwa mara ya kwanza huhesabu vichwa: meza kumi, kamera kumi, kazi imekwisha. Kumbe kanuni haiishii kwenye idadi. Inauliza picha inaonyesha nini.

Kipimo ninachokitumia ni kanuni za NIGC, tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia kasino za makabila ya wenyeji asilia, iliyoundwa kwa sheria ya 1988. Tangu hukumu ya mahakama ya rufaa ya Washington ya 2006, sehemu ya 542 ya kanuni hizo haina tena nguvu ya kulazimisha kwenye michezo ya mezani kama blekjeki. Hata hivyo baadhi ya mikataba ya makabila na majimbo inaitumia bado, na kwa fundi ni maandishi mazuri kwa sababu yanataja vitu kwa majina.

Yanasema hivi: picha ya meza ionyeshe kwa wakati mmoja benki ya meza (akiba ya kasino iliyo mezani), mpangilio wa dau, thamani ya karata na matokeo ya mchezo, na sura za wachezaji na mgawa karata zitambulike. Kwa kasino yenye meza nne au zaidi, ni kamera moja ya PTZ (ile inayogeuka na kuvuta picha) kwa kila meza mbili. Au kamera moja isiyohama kwa kila meza, pamoja na PTZ moja kwa kila meza nne. Mimi huchagua njia ya pili bila kusita. PTZ inaona pale ilikoelekezwa tu. Ikimfuata mtu meza ya tatu, meza ya nne imebaki gizani.

Sasa lenzi, maana hapa ndipo wengi huharibu. Dari la mita 3, meza ya upana wa karibu mita 1.8, kamera ya megapikseli 4 yenye pikseli 2560 kwa upana. Ukifunga kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 2.8, picha inachukua upana wa zaidi ya mita 4: zulia, viti, hata begi la mtu. Unabaki na pikseli kama 550 kwa mita. Namba iliyo pembeni mwa karata ina urefu wa kama sentimita 1, kwa hiyo inapata pikseli tano au sita, na 8 haitofautiani na 6. Tumia lenzi ya kurekebishwa, 2.8 hadi 12, uiweke karibu na 6 ili picha ibane mita 2.2. Hapo unapata zaidi ya pikseli 1,100 kwa mita. Kiwango cha kimataifa cha kamera za usalama, IEC 62676-4, katika toleo la 2014 kilitaka 250 kwa kumtambua mtu usiyemjua, na 1,000 kwa ukaguzi wa karibu. Karata ni za ukaguzi.

Halafu kuna chipu (vile vipande vya duara vinavyochezewa badala ya pesa). Kamera iliyo wima juu ya meza huona chipu ya juu tu. Chini yake zinaweza kuwa tatu au kumi na mbili, na rangi nyingine kabisa. Inamishe kidogo ili ubavu wa rundo uonekane. Hata hivyo usiiachie kamera kazi yote. Mgawa karata anatakiwa kulivunja rundo, kulitandaza mezani na kuonyesha viganja vitupu kabla ya kuondoa mkono. Asipofanya hivyo, hakuna pikseli itakayokusaidia kuhesabu.

Ruleti inadai kamera mbili, moja ya meza nzima na moja ya gurudumu. Sababu ni dau la kuchelewa: mtu anasukuma chipu kwenye namba mpira ukiwa umeshatua. Ushahidi unategemea kipi kilitangulia, mkono au mpira, na vitu hivyo viko kwenye kamera tofauti. Saa zikipishana sekunde mbili tu, kesi imekufa. Kamera zote, rekoda na mfumo wa mashine za sloti vichukue saa kutoka seva moja.

NIGC inataka angalau fremu (picha moja moja) 20 kwa sekunde, ila fremu peke yake haiondoi ukungu. Mpira unaozunguka mara moja kwa sekunde kwenye njia ya mita 2.4 unasogea sentimita 8 ndani ya 1/30 ya sekunde. Unaonekana kama mkia. Weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) kwenye 1/500, usogee milimita 5. Gharama yake ni mwanga. Taa za bei poa kwenye umeme wetu wa hezi 50 zitaleta mistari inayotembea kwenye picha, kwa hiyo nunua taa zisizopepesa kabla ya kuilaumu kamera.

Meza ya kete inahitaji kamera mbili zinazotazamana, kila moja na ncha yake ya meza. Kwa keshia ni kamera moja isiyohama juu ya kila dirisha.

Kuhifadhi ni siku 7 kwa uchache, na tukio la wizi au mtu kushikiliwa linatunzwa siku 30 (sehemu ya 543, ya bingo, inasema mwaka mzima). Kamera ya megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 60 kwa siku 7 ni terabaiti 18, bila diski za akiba. Tatizo ni kwamba ukumbi ukijaa, au mwanga ukipungua na picha ikawa na chengachenga, megabiti hupanda na rekoda huanza kufuta siku ya tano bila kumwambia mtu. Weka kikomo cha megabiti, ongeza nafasi ya asilimia 20, na kila Jumatatu fungua picha ya siku saba zilizopita uone kama ipo.

Kifaa kikiharibika, unatakiwa kujitahidi kukitengeneza ndani ya saa 72. Kamera mbili za akiba za kila aina zikae stoo, lenzi zikiwa tayari zimerekebishwa.