Kusafisha damu kupitia tumbo: je, seli shina zitaponya utando uliochoka?

Baba yetu anasafishwa damu kwa maji ya tumboni, hapa nyumbani Faza, kisiwani Pate. Daktari asema utando umechoka. Umechokaje?

Utando huo ni ngozi nyembamba iliyofunika matumbo na kuta za tumbo. Baba huingiza maji, aghalabu lita 2, mara 4 kwa siku. Sukari iliyomo huvuta maji yaliyozidi mwilini, na uchafu wa damu hupitia utandoni. Kwa watu wa visiwani njia hii ni nafuu kubwa, maana mashine ya kusafisha damu hospitalini ingewalazimu kuvuka bahari mara 3 kwa wiki. Lakini sukari hiyohiyo, miaka ikipita, huua seli za juu za utando. Kovu hujengeka, mishipa midogo ya damu huongezeka, na sukari hufyonzwa upesi kabla ya kufanya kazi yake. Maji yanayotoka hupungua, miguu ikavimba. Maambukizi ya tumboni huharakisha hayo yote.

Seli shina zinaingia wapi?

Hizi ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Huchukuliwa kwenye uboho, mafuta ya mwili au kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Wengi hudhani zinageuka kuwa utando mpya. Kazi yake hasa ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kuzuia kovu. Kwa panya, utando ulionenepa umepungua unene. Kwa binadamu, Iran kulifanyika jaribio dogo kwa seli za mafuta ya wagonjwa wenyewe, shabaha ikiwa kupima usalama.

Kuna kliniki inayotangaza tiba hii. Tuuze mashua?

Msiuze, nawasihi. Bado haijathibitishwa. Jaribio la kweli lina kibali cha kamati ya maadili, na kwa kawaida mgonjwa hatozwi pesa kwa dawa inayochunguzwa.

Basi tumfanyie nini mzee?

Linda utando uliobaki. Kabla ya kubadilisha maji, nawa kwa sabuni, vaa barakoa, zima feni, funga dirisha, hasa kaskazi inapovuma. Maji yakitoka na ukungu, au tumbo likiuma, nendeni hospitali siku hiyohiyo na mfuko wa maji hayo mkononi. Msingoje boti ya kesho. Mpunguzieni ng'onda na chumvi: kiu ikipungua, haja ya mifuko yenye sukari kali nayo hupungua. Kisha mwombeni daktari aupime utando, na mumuulize kama kuna mifuko ya aikodekstrini, aina ya wanga inayovuta maji bila kufyonzwa upesi kama sukari, au kama wakati wa kuhamia mashine umefika.