Saba Yako si Saba Yangu

Kazi yangu ni kuwauliza watu wanayaonaje maisha yao, kisha kukaa na majibu yao hadi niyaelewe. Swali ninalolitumia sana ni la ngazi ya mwanasaikolojia wa Marekani Hadley Cantril, la mwaka 1965. Fikiria ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10: juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Wewe umesimama wapi?

Mtu anasema saba, naandika 7. Shida huanzia hapo, maana ngazi hiyo kila mtu amejijengea mwenyewe, kwa mbao alizozikuta kwao.

Mfano nisiochoka kuurudia ni wa India. Mwaka 2002 mwanauchumi Amartya Sen alilinganisha majimbo ya Kerala na Bihar. Watu wa Kerala waliishi miaka mingi zaidi, walikuwa wamesoma zaidi na huduma za afya walikuwa nazo. Bihar ilikuwa nyuma kwa yote hayo. Lakini walipoulizwa kuhusu kuugua, waliotaja maradhi mengi zaidi walikuwa wa Kerala. (Wamarekani, aliowaweka kwenye ulinganisho huohuo, waliwapita wote!) Ukitafakari, haishangazi. Aliyesoma na mwenye kituo cha afya jirani anajua kwamba kikohozi cha wiki tatu kina jambo. Aliyekulia mahali ambapo kila mtu anakohoa na daktari hajulikani, atakuambia yeye ni mzima. Wala hadanganyi, hajawahi kuona uzima wa namna nyingine.

Ndiyo maana mtaa maskini ukijipa alama nzuri, siharakishi kuandika kwamba wakazi wake wameridhika.

Wapo wenzangu wanaokwenda mbali zaidi na kusema basi majibu ya watu hayafai, tupime kipato tu. Hapo siwafuati. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilianza jaribio katika miji 5, ikiwemo Chicago na Boston. Familia zilizoishi kwenye nyumba za umma katika mitaa yenye umaskini mkubwa zilichaguliwa kwa bahati nasibu, na baadhi zikapewa vocha za kupanga nyumba katika mitaa yenye umaskini mdogo. Miaka 10 hadi 15 baadaye, kipato cha watu wazima waliopewa nafasi hiyo hakikuwa kimeongezeka. Hata hivyo walisema wana furaha zaidi, na kisukari na unene uliokithiri vilikuwa vichache kwao. Sababu kubwa waliyoitoa ya kutaka kuhama ilikuwa kuyakimbia magenge na dawa za kulevya.

Kwa maoni yangu, mazoea huficha kile ambacho mtu hajawahi kukiona kikiwa vingine. Hofu ya kutoka nje usiku hayaifichi, hata ukiishi nayo miaka ishirini.

Kwa hiyo siku hizi ngazi siiachi peke yake. Naiambatanisha na dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 26, linalogusa mpaka usalama, mazingira na usafiri. Halafu naongeza swali langu moja: ulipotaja namba ile, ulikuwa unajilinganisha na nani?

Mmoja alinyamaza kidogo, akasema, "Na kaka yangu, yule aliyesomeshwa." Kisha akaniomba nifute ile 4, niandike 6.