Kiolesura nyumbufu katika programu za simu: maana yake

Kiolesura ni ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa: vitufe, orodha, picha, maandishi na visanduku vya kujazia. Huitwa nyumbufu pale ambapo sehemu hizo hujipanga upya kulingana na nafasi iliyopo, bila kukatwa wala kubanana, iwe skrini ni ya simu ndogo au ya kishikwambi.

Kunyumbuka si kukuza, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukichukua mpangilio wa simu na kuuvuta uenee kwenye kishikwambi, utapata vitufe vipana kama ubao, na mistari mirefu kiasi kwamba jicho hupotea linapotafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Nafasi inapoongezeka, mpangilio wenyewe ndio unaopaswa kubadilika: orodha ya barua pepe iliyokuwa imejaza skrini nzima husogea upande mmoja, na barua iliyofunguliwa husomwa upande wa pili.

Msingi wa kazi hii ni kipimo. Pikseli, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha ya skrini, hazilingani ukubwa kati ya skrini moja na nyingine, kwa hiyo Android hutumia kipimo kiitwacho dp, ambacho ni sawa na pikseli moja kwenye skrini yenye pikseli 160 kwa inchi. Kitufe cha dp 48, ukubwa wa chini unaopendekezwa kwa kitu cha kuguswa, huchukua pikseli 48 kwenye skrini hiyo na pikseli 144 kwenye skrini yenye pikseli 480 kwa inchi, lakini kidole hukikuta kikiwa na takriban milimita 7.6 kote kuwili. Kama msanifu angekipima kwa pikseli 48 tu, kwenye skrini hiyo ya pili kingebaki na milimita 2.5, na mtumiaji angekigusa na kukikosa mara kwa mara. Apple nayo hupima kwa pointi, kwa sababu hiyohiyo.

Jambo la pili ni kwamba programu haimiliki skrini. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, programu mbili zinaweza kukaa bega kwa bega, na simu za kukunjwa hubadilisha upana mtu akiwa katikati ya kusoma. Ndiyo maana miongozo ya Android hugawa mipangilio kwa upana wa dirisha, yaani eneo la skrini ambalo programu imepewa: chini ya dp 600, kuanzia 600 hadi chini ya 840, na kuanzia 840 kwenda juu, ambako nako kuna ngazi kubwa zaidi, bila kujali aina ya kifaa.

Maandishi nayo hunyumbuka, na kwangu hili ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa linamgusa mtu mwenye macho dhaifu. Android 14 humruhusu kuyakuza hadi asilimia 200. Chukua kitufe cha “Thibitisha malipo” kilichofungwa kwenye kimo kimoja: herufi zikikua, neno la pili huvuka ukingo na kubaki “Thibitisha” peke yake, na mtu hajui anathibitisha nini. Kimo hicho kikiachwa huru, kikabaki na kima cha chini pamoja na nafasi kuzunguka maneno, maandishi hushuka mstari wa pili na kitufe hurefuka kuyafuata.