Je, wajua kwa nini bendi ya bluegrass huzunguka kipaza sauti kimoja?

Katika matamasha ya miji midogo ya Kentucky au Virginia, nchini Marekani, wanamuziki wa jazz na blues hupanda jukwaani kila mmoja na kipaza sauti chake. Ikifika zamu ya bluegrass, muziki wa ala za nyuzi zisizotumia umeme, wakati mwingine fundi mitambo huondoa vyote, akaacha kimoja katikati. Watu watano wenye gitaa, banjo, mandolini, fidla na besi kubwa ya kusimama hukizunguka, huku wakisogea na kurudi nyuma wimbo mzima. Watazamaji wengi hudhani ni mbwembwe. Kumbe miguu yao ndiyo inayofanya kazi ya mikisa, yaani mashine ya kuchanganya na kusawazisha sauti.

Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mpiga gitaa aliye sentimita 30 kutoka kwenye kipaza akirudi hadi sentimita 60, amejipunguza desibeli 6. Akifika mita 1.2 amepoteza 12, na sikioni hiyo ni chini ya nusu ya ukubwa wa mwanzo. Kwa hiyo anayepiga solo husogea, aliyemaliza hupisha, na waimbaji watatu huingiza vichwa pamoja kwenye kiitikio. Banjo, ala iliyozaliwa mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika, ina uso uliowambwa kama ngoma, na ya bluegrass huwa na bakuli la mbao mgongoni linalosukuma sauti mbele. Inalizidi gitaa nguvu waziwazi, hivyo mpigaji wake hubaki hatua moja nyuma hata zamu yake inapofika. Gitaa, lililo pole kuliko zote, ndilo linalopaswa kukaribia kabisa.

Mtindo huu ni wa enzi za redio. Bill Monroe, baba wa bluegrass, alijiunga na kipindi cha Grand Ole Opry cha redio WSM, Nashville, mwaka 1939, na Earl Scruggs akaingia katika bendi yake na mtindo wa kupiga banjo kwa vidole vitatu mwishoni mwa 1945. Siku hizo bendi nzima kutumia kipaza kimoja lilikuwa jambo la kawaida. Wanajazz walikuwa wameshapitia hali hiyo: King Oliver, mpiga tarumbeta wa jazz, na bendi yake walirekodi Richmond, Indiana, mwaka 1923 mbele ya pembe ya kunasia sauti, bila vipaza vya umeme, na mpangilio wao ulitegemea nani asimame karibu na nani mbali. Baadaye bluegrass nayo ikahamia kwenye vipaza vingi, hadi mwimbaji wa bluegrass Del McCoury na bendi yake walipokirudishia heshima kipaza kimoja miaka ya 1990.

Faida yake hupimika. Kila idadi ya vipaza vilivyowashwa inapoongezeka mara mbili, unapoteza desibeli 3 za sauti unayoweza kupandisha kabla spika hazijaanza kupiga mluzi. Tena, fidla ikinaswa na vipaza viwili, kimoja kikiwa mbali zaidi kwa sentimita 34, sauti ya pili huchelewa milisekunde 1. Zikichanganywa kwa nguvu sawa, sauti za masafa ya hezi 500, 1500 na 2500 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde) hufutana, na fidla husikika kana kwamba imo ndani ya bomba.

Kukifunga kipaza hicho kimoja kunahitaji uangalifu. Tumia kipaza cha kondensa, aina nyepesi kunasa inayohitaji umeme, chenye kiwambo kikubwa na kinachosikia upande mmoja. Kipate volti 48 kutoka kwenye mikisa, na sauti iwe imeshushwa kabisa unapowasha umeme huo, la sivyo spika zitapiga kishindo. Kiweke chini kidogo ya kidevu cha mwimbaji mfupi kuliko wote, ili kinase mdomo na ala pamoja. Spika kuu ziwe mbele ya kipaza, zikitazama watu, na mgongo wa kipaza usiosikia uelekee huko. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 80. Pandisha sauti taratibu hadi mluzi uanze, kisha rudisha desibeli 4 au 5. Nje, usisahau sifongo la kuzuia upepo.

Kosa linaloharibu zaidi ni spika za jukwaani, zile zinazowaelekea wanamuziki wenyewe. Wanamuziki wakidai kujisikia, fundi huziongeza, mluzi unaanza, analazimika kushusha kila kitu, na watu wa nyuma hawasikii tena. Bendi isimame kwa kubanana, isikilizane moja kwa moja. Besi ndiyo inayopotea mara nyingi. Hakuna ubaya kuipa kipaza chake kidogo, na ninaona ni uamuzi bora kuliko kumsogeza mpigaji hadi azibe wengine. Wenye ala za shingo ndefu waziinue wima wanapopishana, na wakubaliane mapema upande wa kuingilia na wa kutokea.

Bendi yenye ngoma au gitaa la umeme isijaribu njia hii. Kipaza hicho chepesi kunasa hudaka matoazi hata yakiwa mita tatu nyuma, na hakuna hatua ya mwimbaji itakayoyashinda. Ndiyo maana bendi ya jazz ikirudi jukwaani, vipaza vyake vyote hurudi nayo.