Miezi 36 ya GI Bill: Usiimalize Kabla ya MBA

Kijana aliyesoma shahada ya biashara Nairobi au Dar es Salaam, akapata kadi ya kijani kwa bahati nasibu ya viza, kisha akajiunga na Jeshi la Marekani kama askari wa kawaida, huwa na mali ambayo mara nyingi hata yeye mwenyewe haihesabu. Mkataba unapoisha na akaachishwa kwa heshima, wenzake wa kikosini humshauri aende chuo akaanze shahada ya kwanza, kwa kuwa ndivyo wao wanavyofanya. Naye huenda. Miaka minne baadaye ana shahada mbili za kwanza, na haki yake ya kusomeshwa na serikali, ile inayojulikana kama GI Bill, imekwisha.

Lawama si zake peke yake. Ofisi nyingi za vyuo zinazohudumia wanajeshi wa zamani zimepangwa kwa ajili ya kijana aliyeingia jeshini moja kwa moja kutoka sekondari. Ukifika mezani kwao unaulizwa tarehe ya kuachishwa, cheti cha kuachishwa, na kozi unayotaka. Swali la kama una shahada ya nyumbani halimo kwenye fomu, na wewe unadhani shahada ya nyumbani haina thamani Marekani. Hapo ndipo sisi tunaowashauri wanaotoka jeshini kwenda shule za biashara tungependa kuingilia mapema.

Sheria yenyewe inaitwa Post-9/11 GI Bill. Ilitiwa saini Juni 2008 na ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 2009. Inampa mwanajeshi wa zamani hadi miezi 36 ya masomo. Miezi hiyo inakatwa kwa muda ulioandikishwa darasani tu, likizo haihesabiwi. Mwaka wa masomo wa miezi tisa, mara nne, umeshaimaliza yote. MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, ikisomwa kutwa kwa miaka miwili, hula nusu yake au zaidi kidogo. Kwa hiyo aliyeianza safari na shahada mkononi anaweza kusoma MBA na bado akabakiwa na zaidi ya mwaka mmoja wa haki.

Na hakuna haja ya kukimbizana. Zamani haki hiyo ilikuwa inakufa miaka 15 baada ya mtu kutoka jeshini. Sheria nyingine iliyotiwa saini tarehe 16 Agosti 2017 iliondoa ukomo huo kwa kila aliyeachishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2013. Anayetaka kufanya kazi miaka mitatu minne kwanza, ajue biashara inavyokwenda, kisha arudi shule, afanye hivyo bila hofu. Shule za biashara zenyewe hupenda mtu wa namna hiyo.

Tazama maofisa. Wengi wa wanajeshi wa zamani unaowakuta kwenye madarasa makubwa ya MBA ya Marekani walikuwa maofisa, na sababu moja iko wazi: ofisa huingia kazini akiwa na shahada tayari, hivyo GI Bill yake humsubiri hadi uzamili. Askari wetu mwenye shahada ya Makerere yuko pale pale, ila hajui. Tena kuna jambo ambalo ofisa linamuuma na yeye halimgusi. Aliyesomeshwa na chuo cha jeshi kama West Point anadaiwa miaka mitano ya utumishi, na miaka hiyo haihesabiwi katika kutafuta stahili ya GI Bill. Aliyesomeshwa na jeshi kwa ufadhili wa ROTC, mafunzo ya uofisa yanayotolewa vyuo vya kawaida, naye hana hesabu mpaka amalize deni lake. Askari aliyejisomesha, au aliyesomeshwa na mzazi aliyeuza ng'ombe, huanza kuhesabiwa mara moja. Akitumikia miezi 36 kwa wakati wote, anapata asilimia 100 ya stahili. Aliyetumikia pungufu hupata kati ya asilimia 50 na 90.

Waswahili walio katika hali hii hawakuingia kwa mlango mmoja. Kati ya mwaka 2009 na 2016 kulikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, uliowaruhusu hata wageni wasio na kadi ya kijani kujiunga na jeshi iwapo walikuwa wataalamu wa afya au wanazungumza lugha zilizohitajika. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha hiyo. Baadhi ya walioingia hivyo walikuwa Marekani kwa viza ya masomo. Leo wengine wao wamefikia umri wa MBA ya wakurugenzi, ile inayosomwa wikendi huku mtu yuko kazini.

Shahada ya nyumbani inapimwaje? Shule nyingi huomba matokeo rasmi kutoka chuo ulichosoma, na nyingine hutaka yapitie kwanza kwa taasisi inayolinganisha vyeti vya nje na vya Marekani. Shahada ya miaka minne ya Kenya haileti maswali mengi. Ile ya miaka mitatu ya Tanzania au Uganda hupokelewa na shule kadhaa kubwa za biashara, ila si zote, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa chochote. Anza kuomba matokeo ukiwa bado kambini, maana kila aliyewahi kufuatilia karatasi katika ofisi ya usajili ya chuo cha umma kwetu anajua zinavyochelewa. GI Bill hurudisha gharama za mitihani ya kujiunga kama GMAT na GRE, na shule nyingi za biashara humsamehe mwanajeshi ada ya maombi.

Tuje kwenye fedha, maana hapa watu huumia. Ukisoma chuo cha umma, na stahili yako ni kamili, serikali hulipa ada yote inayotozwa wakazi wa jimbo. Ukisoma shule binafsi kuna kikomo: kwa mwaka wa masomo 2025-26 hakifiki dola 30,000. Shule kubwa za biashara hutoza zaidi ya mara mbili ya hapo. Pengo hilo huzibwa na mpango wa Yellow Ribbon, ambao shule hujitolea kiasi fulani na Wizara ya Wanajeshi wa Zamani, VA, huongeza kiasi kile kile. Tuseme ada ni dola 80,000 na serikali imetoa 30,000. Shule ikijitolea 25,000, VA inaweka 25,000 nyingine, deni limekwisha. Ikijitolea 5,000, VA nayo inaweka 5,000, na wewe umebaki na 40,000 za kutafuta. Shule zote mbili zitaandika kwenye matangazo yao kwamba ziko Yellow Ribbon. Uliza kiasi, uliza ni wanafunzi wangapi kwa mwaka, na uliza kama kiasi hicho ni cha shule ya biashara hasa, kwa sababu chuo kimoja kinaweza kuweka viwango tofauti kwa kila kitivo. Mwenye stahili ya asilimia 90 hana Yellow Ribbon kabisa. Pengo la miezi michache ya utumishi linaweza kumgharimu makumi ya maelfu ya dola.

Posho ya makazi ni nzuri, ila ina tabia zake. Hulingana na eneo la chuo, kwa kiwango cha sajini wa daraja la E-5 mwenye familia. Hulipwa mwezi ukiwa umeshapita. Ukianza masomo katikati ya Agosti, mwanzoni mwa Septemba utapata ya nusu mwezi tu, huku mwenye nyumba amekwishachukua kodi na amana. Kati ya muhula na muhula haiji, kwa hiyo Desemba na Januari huwa kavu. Ukisoma yote kwa mtandao, unapata nusu ya wastani wa taifa, lakini hata somo moja la darasani hubadilisha hesabu hiyo. Kwa mwenye watoto na ndugu wanaomtegemea nyumbani, akiba ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuripoti si anasa.

Shule nazo zina kazi, na kwa maoni yangu nyingi huishia kwenye picha za bendera. Mwanajeshi huwasili chuoni Agosti. Kabla majani hayajaanguka, mabenki na kampuni za ushauri zimeshaanza kutafuta vijana wa kufanya mafunzo ya kazi kiangazi kijacho. Mwenzake aliyetoka benki anajua lugha ya usaili na ana watu wa kuwapigia. Huyu amezoea kupandishwa cheo kwa orodha, na amefundishwa kusema "tulifanya" hata pale alipofanya peke yake. Msaada unaomfaa ni ule unaokuja kabla ya muhula: hesabu za fedha, uhasibu, na mazoezi ya usaili. Shule ya biashara ya Tuck, katika Chuo cha Dartmouth, ina programu fupi kwa wanaotoka jeshini na wanamichezo wa kiwango cha juu, inayowapitisha kwenye misingi hiyo. Chuo Kikuu cha Syracuse kilianzisha mwaka 2007 mafunzo ya ujasiriamali kwa wanajeshi wa zamani waliopata ulemavu. Shirika la Service to School, lenye mizizi ya mwaka 2011, humuunganisha mwombaji na mwanajeshi wa zamani aliyekwishapita njia hiyo, bila malipo.

Mpango wenyewe una historia ndefu. GI Bill ya kwanza ilitiwa saini na Rais Roosevelt tarehe 22 Juni 1944, na zaidi ya watu milioni mbili waliingia vyuoni kwa sheria hiyo, ingawa wanajeshi weusi wa Kusini walifungiwa milango mingi na ubaguzi. Babu zetu wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, waliorudi kutoka Burma baada ya vita hawakuona kitu cha ukubwa huo.

Mambo matatu ya kuangalia kabla hujavua gwanda. Kuachishwa kwa hadhi iliyo chini ya heshima kamili, hata ile inayoitwa ya jumla, hukunyima GI Bill. Unaweza kuomba hadhi irekebishwe ndani ya miaka 15. Kuhudhuria mazoezi ya wikendi ya askari wa akiba hakukupi stahili hii. Kinachohesabiwa ni utumishi wa wakati wote. Na ukitaka kumgawia mke, mume au mtoto sehemu ya miezi yako, lazima uombe ukiwa bado kazini, umeshatumikia miaka sita na ukikubali kuongeza minne.

Kwa aliyekwisha kuitumia yote, bado kuna pa kubisha. Tarehe 16 Aprili 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Rudisill, iliamua kwamba mtu mwenye vipindi tofauti vya utumishi vinavyompa stahili chini ya GI Bill iliyoitangulia hii, iitwayo Montgomery, na hii ya sasa anaweza kuzitumia zote mbili, hadi miezi 48. Ikiwa uliingia jeshini, ukatoka, ukarudi tena, na uliambiwa miezi yako imekwisha, omba VA ipitie upya hesabu yako. Miezi 12 inatosha kwa MBA ya mwaka mmoja.