Panya Bandani: Anza na Kihori, Sumu Baadaye

Wafugaji wengi hunipigia simu wakiwa wameshanunua sumu. Swali lao ni moja: niiweke wapi? Nami huwauliza kwanza: jana usiku kuku wako walilala wameacha chakula kiasi gani?

Panya wa nyumbani, yule wa kijivu mwenye mkia mrefu kuliko mwili anayekimbia juu ya kenchi za paa, hula takriban gramu 15 hadi 20 kwa siku. Piga hesabu. Robo kilo ya pumba iliyomwagika chini ya kihori, chombo cha kulishia, inashibisha panya zaidi ya kumi. Mfugaji anawalisha bila kujua, kisha anategemea waache pumba safi yenye harufu ya dagaa wakale chambo chenye sumu. Hawataacha.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kwenye banda lolote huwa ni chakula. Kuku wapewe kiasi watakachomaliza kabla ya giza, na kihori kitolewe nje ya banda wakishapanda kulala. Maji pia yamwagwe. Kuku hanywi gizani, lakini panya wa nyumbani anahitaji maji, na wakati wa kiangazi chombo cha maji kinamvuta sawa na pumba. Vifaranga wanaolelewa kwa taa ni jambo jingine: hao hula usiku kucha, hivyo usiwanyime. Kwao bruda, yaani kizimba cha kulelea vifaranga, ndiyo izibwe kila upande, juu na chini, kwa sababu panya huanza na vifaranga. Ukikuta kifaranga ametafunwa miguu au kichwa, na mwenzake amevutwa hadi kwenye upenyo wa mbao, anza kumtafuta panya.

Akiba ya chakula ikae kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Kiroba hakimzuii panya hata kidogo. Ile mifuko ya kuhifadhia mahindi isiyopitisha hewa nayo hutobolewa, na tundu moja tu linatosha kuingiza hewa na kuwapa uhai dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi.

Halafu kuna wavu. Wavu wa kawaida wa kuku hauzuii panya, unazuia kuku tu. Panya mdogo hupenya kwenye tundu la upana wa kidole. Tafuta wavu mgumu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 12, na uuzike chini ya ardhi angalau sentimita 30, maana panya huchimba. Banda la miguu ni bora zaidi: liinuliwe kama mita moja, kila mguu uvalishwe bati lililokunjwa kama faneli iliyofunikwa, mdomo mpana ukiangalia chini. Hili halina maana ikiwa tawi la mwembe linagusa paa, au rundo la kuni na tofali limeegemezwa ukutani.

Kabla ya kutega, jua wanapita wapi. Jioni chukua majani makavu uzibe kila shimo kuzunguka banda, bila kushindilia. Asubuhi, shimo lililofunguliwa lina wenyewe. Kando ya ukuta nyunyiza jivu la jikoni lililochekechwa. Kesho utaona nyayo, na mara nyingi utaona pia mstari mwembamba wa mkia. Tazama mbao za kenchi kwa tochi: pale wanapopita kila siku pana weusi wa mafuta ya manyoya yao. Kinyesi kibichi ni cheusi, kinang'aa na ni laini. Cha zamani kimepauka na husagika ukikibonyeza kwa kijiti.

Ukikuta mashimo makubwa nyuma ya choo au kwenye migomba, huyo huenda ni panya buku, anayebeba chakula kwenye mashavu na kukificha shimoni. Mtego mdogo haumfai, tumia mtego wa kizimba. (Ni buku hao hao ambao hapa Morogoro, shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), huwafundisha kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Ninawaheshimu sana.)

Panya wa nyumbani huogopa kitu kigeni. Weka mitego na chambo usiku kadhaa bila kuitega, wazoee kula, kisha itege yote usiku mmoja. Mitego kumi usiku mmoja inashinda mtego mmoja usiku kumi. Iweke ikielekea ukutani, upande wa chambo ukigusa ukuta, na uifunike kwa tofali mbili na kipande cha bati ili kuku wasinaswe. Dagaa, nazi iliyochomwa au siagi ya karanga vinafaa.

Ongea na majirani mtege wiki moja. Nafasi unayoiacha wazi kwako hujazwa na panya wa jirani kabla hujasahau. Panya shamba huzaa kwa wastani watoto kumi na moja kwa mkupuo mmoja, baada ya mimba ya wiki tatu na ushee, na baada ya mavuno mashamba yakibaki matupu hufuata ghala na banda. Huo ndio wakati wa kushirikiana. Mkisubiri hadi mbegu za vuli zifukuliwe, mmechelewa.

Sumu naiweka mwisho, na kwa masharti. Zile za kuzuia damu kuganda, kama bromadiolone, huua baada ya siku kadhaa, hivyo panya hahusishi maumivu na chambo. Zinki fosfaidi huua haraka, lakini panya aliyeonja kidogo akapona haigusi tena, na haina dawa ya kuizima ikimwingia mtoto, mbwa au kuku. Ile ya kupimiwa mnadani, isiyo na lebo, usiinunue kabisa. Hujui ni nini, na daktari hatajua atibu nini. Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kifunge ndani ya kisanduku chenye tundu la panya tu, na uokote mizoga kila asubuhi kabla ya paka na nguruwe.

Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu. Mkojo wa panya hubeba leptospirosisi, ugonjwa uliothibitishwa Julai 2022 huko Ruangwa mkoani Lindi na kuitwa homa ya mgunda. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, ugeuze, ufunge, uzike. Chakula kilichokojolewa kisirudishwe kwenye kihori.

Kwenye maeneo yenye historia ya tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, kama Lushoto ambako ilianza kulipuka mwaka 1980, utaratibu unageuka: viroboto huuliwa kwanza kwa dawa ya unga kwenye mashimo na mapito, panya baadaye. Panya akifa, viroboto wake huhama kutafuta damu, na aliye karibu ni binadamu. Ukiona panya wengi wamekufa wenyewe na hakuna aliyeweka sumu, usitege wala usizike. Waondoe watoto eneo hilo na utoe taarifa kituo cha afya siku hiyo hiyo.